Wajenzi Vijana wa Serowe

Mwaka 1957 kijana wa Afrika Kusini, Patrick van Rensburg, aliacha kazi ya ubalozi mjini Leopoldville, Kinshasa ya leo, kwa kupinga ubaguzi wa rangi wa serikali iliyomtuma. Harakati zikamfikisha Uingereza, kwenye kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, na hatimaye uhamishoni Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Huko Serowe, kijiji kikubwa cha Wangwato, yeye na mkewe Liz walifungua shule ya sekondari ya Swaneng Hill mwaka 1963.

Shule ilianza karibu bila majengo, na fedha za kumlipa mkandarasi hazikuwapo. Wanafunzi, walimu na watu wa kujitolea kutoka ng'ambo wakajenga wenyewe. Lakini hata fedha zingepatikana, Van Rensburg angetaka kazi ile ifanyike. Aliona kwamba mtoto mmoja aliyepata nafasi ya sekondari amegharimiwa na jasho la wengi walioikosa, na kwamba asipozoea mapema kulipa deni hilo, akihitimu atakipa kijiji mgongo.

Je, wale walioikosa? Kila mwaka watoto walimaliza shule ya msingi, nafasi za sekondari zikawa chache, wengi wakabaki nyumbani bila shule wala kazi. Kwa ajili yao, mwaka 1965, ikaanzishwa Brigedi ya Wajenzi. Hesabu yake ilikuwa ya werevu. Siku nyingi za wiki vijana walikuwa kazini na mafundi, wakichimba misingi, wakipanga matofali kwa kamba na timazi, wakipiga lipu na kuezeka. Muda uliobaki waliingia darasani kusoma Kiingereza, hesabu na nadharia ya ufundi. Majengo yalikuwa ya kweli, yenye watu wanaoyasubiri, na mapato ya kazi yalisaidia kulipia mafunzo. Baadaye zikafuata brigedi nyingine, za wakulima, wafumaji na makanika, na mpango ukaenea nchini.

Sisi tuliosoma Afrika Mashariki tunajua kazi ya mikono shuleni mara nyingi ilikuwa adhabu: umechelewa, kachimbe shimo. Mtoto aliyefundishwa hivyo hulichukia jembe maisha yake yote, na simlaumu. Serowe kijana alipewa mwiko pamoja na fundi wa kumwonyesha kwa nini ukuta umepinda.

Fikra hizo hazikuwa za Botswana peke yake. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na humo zikachipuka politekniki za vijiji. Machi 1967 Mwalimu Nyerere wa Tanzania akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana.

Brigedi zilikuwa na ugonjwa wake, nao ulitokana na ile hesabu ya werevu. Mafunzo yakitegemea mauzo, mteja mwenye haraka humshinda mwalimu: kijana aliyekwisha kuwa hodari wa kupanga matofali huachwa hapo hapo, maana kumfundisha kenchi ni kupoteza siku. Mvutano huo uliziandama kwa miaka mingi, na katika miaka ya 2000 serikali ya Botswana ilianza kuzichukua. Van Rensburg, aliyepewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 1981, alifariki mwaka 2017.

Somo hilo linaifaa Kenya, ambako Katiba ya 2010 imeziweka politekniki za vijiji mikononi mwa kaunti, na kaunti hizo hizo ndizo zinazojenga zahanati na madarasa ya chekechea. Zabuni za majengo hayo zingeweza kuandikwa zikiwa na sharti kwamba vijana wa politekniki ya jirani wawe kwenye msingi tangu siku ya kwanza, na fundi wao alipwe kwa kufundisha, si kwa kuwahi kumaliza tu.