Kura 1,313 za Desemba 1938

Kwa wasomaji wa historia ya Kenya, jina la Katharine, Duchess wa Atholl, si geni kabisa. Ndiye aliyelipeleka suala la tohara ya wasichana wa Kikuyu katika Bunge la Uingereza mwaka 1929, na kamati aliyoshiriki ikakutana na Jomo Kenyatta, wakati huo mjumbe wa Kikuyu Central Association jijini London. Nikiifuata njia yake kutoka hapo, nimefika Uskoti, katika jimbo la Kinross na West Perthshire, kwenye uchaguzi mdogo uliofanyika siku nne kabla ya Krismasi ya 1938.

Alikuwa Mhafidhina wa kweli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alipinga hata wanawake kupewa haki ya kupiga kura, lakini mwaka 1923 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge kutoka Uskoti. Kilichomtenga na chama chake ni kusoma na kwenda kujionea mwenyewe. Alikisoma kitabu cha Hitler kwa Kijerumani, akagundua kwamba toleo la Kiingereza lilikuwa limepunguzwa makali. Mwaka 1937 alikwenda Hispania iliyokuwa vitani, akarudi kuitetea serikali ya Jamhuri. Wapinzani wakambandika jina la Duchess Mwekundu.

Septemba 1938, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitia saini mjini Munich mkataba ulioikabidhi Ujerumani sehemu ya Chekoslovakia. Duchess aliupinga waziwazi. Chama jimboni kikaamua kutafuta mgombea mwingine wa uchaguzi mkuu ujao. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuachia kiti, na angeweza kukikalia hadi muhula uishe. Badala yake alijiuzulu, akasimama kama mgombea huru, ili wananchi waamue wenyewe.

Chama cha Labour hakikusimamisha mtu, na mgombea wa Liberal alijitoa. Wakabaki wawili: yeye na William McNair Snadden, mkulima aliyesimama upande wa Chamberlain. Wabunge wa chama tawala walimiminika jimboni kumpigia debe Snadden. Winston Churchill, aliyeuchukia mkataba huo vilevile, alimwandikia Duchess barua ya kumuunga mkono, lakini jukwaani hakutokea.

Siku ya kupiga kura, Desemba 21, theluji nzito ilianguka katika jimbo hilo la vijiji vilivyotawanyika milimani. Snadden alipata kura 11,808, Duchess 10,495: tofauti ya kura 1,313. Hakurudi tena bungeni.

Machi 15, 1939, kabla hata miezi mitatu haijatimia, majeshi ya Hitler yaliingia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia. Onyo lake kwa wapiga kura, kwamba mkataba wa Munich haungemzuia Hitler, lilikuwa limetimia.

Kwetu, katiba za Kenya na Tanzania humvua kiti mbunge anayekihama chama chake, na chaguzi ndogo nyingi zimezaliwa hapo. Mara nyingi huzungumziwa kwa jina la chama kilichopoteza na chama kilichovuna. Duchess wa Atholl alirudi kwa wapiga kura akiwa na hoja moja waliyoielewa wote, akijua ingeweza kumgharimu kazi yake. Mbunge wako akija kuomba kura tena katikati ya muhula, mwulize hoja yake ni ipi, na yuko tayari kupoteza nini kwa ajili yake.