Hifadhi Inayovuka Mkondo: Kupanua Eneo la Urithi kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo, na Funzo kwa Kasese

Utangulizi

Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, neno hifadhi hutumika kwa mbuga za wanyama na kwa miji ya kale vilevile. Kahendero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George wilayani Kasese, kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka 1952. Wavuvi wanaruhusiwa kuishi humo, lakini hawaruhusiwi kulima. Hali hiyo inaibua swali linalohusu kila hifadhi yenye wakazi: mpaka unapochorwa juu ya makazi ya watu, unalinda nini, na kwa gharama ya nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo katika Mji wa Zanzibar, ambako fikra ya urithi imeanza kuvuka kutoka Mji Mkongwe hadi mitaa ya Ng'ambo.

Mpaka kabla ya sheria

Ng'ambo maana yake ni upande wa pili wa maji. Mkondo wa bahari uliitenga rasi ya Mji Mkongwe na makazi ya mashariki, na jina hilo lilitolewa kwa mtazamo wa mtu aliyekuwa rasini. Hata hivyo, katika karne ya 19 mgawanyo huo haukuwa kamili, kwani nyumba za udongo na makuti zilikuwamo rasini pia. Utawala wa Kiingereza ndio ulioukaza, na mpango wa mji wa H. V. Lanchester wa mwaka 1923 uliuendeleza.

Wakazi wengi wa Ng'ambo walikuwa watu waliotoka utumwani, uliofutwa kisheria mwaka 1897, pamoja na vizazi vyao. Walijenga nyumba zao juu ya ardhi ya watu wengine au ya wakfu. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi hiyo. Kwa hiyo, historia ya mji haimo katika Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 pekee. Imo pia katika viwanja vilivyogombewa na wapangaji.

Sheria iliyofuata mawe

Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria yake ikatungwa mwaka 1994, na UNESCO ikauingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kilichotambuliwa hasa ni majengo ya mawe. Ng'ambo ilibaki nje, ingawa mkondo wenyewe ulikuwa umekwisha kufukiwa na kuwa barabara.

Mtazamo ulianza kubadilika baada ya Pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji. Idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu wa Uholanzi, iliichunguza Ng'ambo mtaa kwa mtaa, na mwaka 2019 kikachapishwa kitabu cha ramani na maelezo yake, *Ng'ambo Atlas*.

Kinachostahili kuhifadhiwa

Kigezo cha jengo la asili hakifai Ng'ambo. Nyumba ya udongo hudumu kwa kukarabatiwa, na nyingi zimejengwa upya kwa matofali ya saruji na bati. Kilichodumu zaidi ni vichochoro, baraza, misikiti na majina. Miembeni, Mwembetanga na Michenzani yanataja miti. Kisimamajongoo linataja kisima. Kisiwandui limebeba jina la maradhi. Majina haya ni kumbukumbu ya mandhari ambayo macho hayaioni tena.

Wapo wanaohofu, na hofu yao ina msingi, kwamba kupanua eneo la urithi kutapandisha thamani ya viwanja, kutaongeza vibali na kuwafukuza wakazi wa kipato kidogo. Lakini kutokuwa na ulinzi nako kumewahi kuhamisha watu: maghorofa ya Michenzani, yaliyopangwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, yalijengwa mahali palipokuwa na nyumba za watu. Kwa hiyo upanuzi unafaa, mradi ulinde njia, nafasi za umma, majina na haki ya wakazi kubaki, na uwaruhusu kujenga upya kwa vifaa wanavyovimudu.

Hitimisho

Kasese ni mji uliokuzwa na reli iliyofika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Iwapo nyumba za wafanyakazi wa mgodi zitatambuliwa kuwa urithi, kazi ya kwanza iwe kuandika majina na matumizi ya mahali kutoka vinywani mwa wakazi wenyewe, kabla ya kuchora mpaka. Kahendero inaonesha kwamba ruhusa ya kubaki ndani ya hifadhi si sawa na haki ya kuendelea kuishi humo kwa ukamilifu. Sera ya urithi wa miji ipimwe kwa tofauti hiyo.