Loto iliyobeba jina la Kongo: nani aligawa franga zake?

Siku za ugawaji mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Musaada ni kama loto. Mwenye bahati jina lake liko kwenye liste, asiye na bahati anarudi mikono mitupu.» Neno hilo limenikumbusha habari ya zamani. Kuna loto moja ya kweli iliyobeba jina la nchi yetu.

Mwaka 1934, Ubelgiji ilianzisha Loterie Coloniale, yaani loto ya koloni. Wakati ule uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, bei ya shaba na ya mazao ikashuka, na kasha ya koloni ikapungukiwa. Wabelgiji wakanunua tiketi wakitumaini kutajirika, na faida ikaenda kuziba tundu katika bajeti ya Kongo. Ilikuwa feza ya kusaidia serikali ya koloni, haikuwa ya kusaidia mwanakijiji.

Baada ya vita vya pili vya dunia mambo yalibadilika kidogo. Mwaka 1947 ukaundwa mfuko ulioitwa Fonds du Bien-Être Indigène, wa kuinua maisha ya wenyeji vijijini, huku Kongo na vilevile Ruanda-Urundi. Sehemu kubwa ya feza yake ilikuwa deni ambalo Ubelgiji ilirudishia koloni kwa gharama za vita. Faida ya loto nayo ikaingia humo. Mfuko huo ulichimba visima, ulijenga dispansere na masomo. Tusikatae: maji safi ni maji safi, na kuna wazee waliokunywa.

Lakini nani alipanga kisima kichimbwe wapi? Wakongo walipiga kura kwa mara ya kwanza mwezi wa 12 mwaka 1957, tena katika miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Watu wa kijiji, ambao mfuko ule uliundwa kwa ajili yao, hawakuwa na kura yoyote. Walipewa, lakini hawakuulizwa.

Baada ya uhuru wa 1960, jina la koloni likafutwa. Leo loto ile inaitwa Loterie Nationale, na ni mali ya serikali ya Ubelgiji. Mwaka 1983 sheria ya kule ilitenga franga za Ubelgiji bilioni 10 kutoka loto hiyo, ziende kupiganisha njaa katika nchi maskini, hasa za Afrika.

Namna wanavyogawa kwao sasa ina fundisho. Ubelgiji ina jumuiya tatu: ya Kifaransa, ya Kiflamand na ya Kijerumani. Tangu sheria ya 2001, asilimia 27,44 ya faida inayogawanywa ni ya jumuiya hizo. Hesabu imeandikwa, haingojei huruma ya waziri. Inayobaki inapangwa kila mwaka kwa amri ya mfalme, baada ya mawaziri kuijadili. Humo ndimo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada wanapata sehemu yao. Amri hiyo inatangazwa, kwa hiyo mtu anaweza kuisoma na kulalamika.

Kwa nini ninawaeleza haya, wakati wengine wetu tunalala chini ya bashi? Kwa sababu loto ni bahati pale tu unaponunua tiketi. Kugawa faida yake ni kazi ya sheria na hesabu. Musaada wa watu waliokimbia nao uwe hivyo. Siku komite itakapotuita kwenye kikao, tuulize kwa heshima maswali matatu: kumefika kiasi gani? Ni kanuni gani imetumiwa kuchagua majina? Liste imebandikwa wapi ili kila mtu aisome, na asiyejua kusoma asomewe?

Babu zetu walichimbiwa visima bila kuulizwa. Sisi tuna midomo, tuulize.