Fundo la Uzi

Ukitaja Mwadui watu hukumbuka almasi. Mwaka 1940 John Williamson, Mkanada, aligundua hapo mwamba wa almasi. Mwaka 1947 ikatoka almasi ya waridi ya karati 54.5, Williamson akampa Elizabeth wa Uingereza, zawadi ya harusi. Hayo yameandikwa.

Je, nani kaandika habari za mafundi wa magari ya mgodini? Mimi nilisaidia kubadilisha nyaya za Land Rover moja ya miaka ya sitini. Mpira wake ulikuwa umekauka. Ukiukunja unapasuka, shaba inabaki uchi. Hapo ndipo moto huanzia.

"Usikate ovyo, kijana," mzee fundi akaniambia. Tukazitoa zote fungu zima, tukazitandaza kwenye turubai, tukapima nyaya mpya kando yake. Rangi ndiyo ramani: kahawia yatoka betri, bluu ni taa kubwa, nyeusi yaenda kwenye bodi. Na kumbuka, Land Rover za kabla ya 1967 kwa kawaida ziliunganishwa chanya kwenye bodi, siyo hasi kama magari ya leo. Ukifunga redio bila kujua, bwana, imeungua!

Katikati ya fungu tukakuta kiungo kimefungwa kwa uzi wa kushonea viatu, kimekaza vilevile. Mzee akakigeuza-geuza.

"Mkono huu naujua. Tulikuwa naye gereji moja. Jina limenitoka."

Nyaya tulitupa. Fundo lile ninalo, ndani ya daftari. Bado natafuta jina.