Leza ya Mtaa

Leza ya kwanza iliwaka Mei 1960 huko California. Mwaka 1964 Kumar Patel akaunda leza ya kaboni dioksidi, aina inayokata mbao na plastiki mpaka leo. Kwa miaka mingi ilibaki mali ya viwanda na maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Neil Gershenfeld wa MIT na mwanaharakati Mel King wakaipeleka kwenye karakana ya mtaa wa South End, Boston. Sasa unapanga foleni na wazo lako.

Ila PVC marufuku! Moshi wake wa asidi huumiza mapafu na kuilia mashine. Mzembe mmoja, mtaa mzima unakosa. Mtaani kwenu je, ufunguo wa karakana anao nani?