Sahihi Kumi na Mbili, Kiti Kimoja: Viongozi wa Karatu na Ngorongoro Mbele ya Dola

Uchaguzi wa Agosti 1960, wa mwisho kabla ya uhuru wa Tanganyika, uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Katika majimbo 58 hakuna aliyethubutu hata kujitokeza kuipinga. Kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo wakati ule ilijumuisha Karatu. Miaka miwili kabla ya hapo, ng'ambo ya msitu wa Ngorongoro, wazee 12 wa Kimasai walikuwa wametia sahihi hati ya kukubali watu wao waondoke Serengeti. Matukio haya mawili husimuliwa kila moja mahali pake, moja katika historia ya vyama, jingine katika historia ya hifadhi. Yakiwekwa pamoja yanauliza swali moja: nani ana haki ya kusema mbele ya serikali kwa niaba ya watu wa nyanda hizi? Historia ya Karatu na Ngorongoro, ikisomwa tangu ujio wa Wajerumani hadi leo, inatoa jibu lisiloyumba. Kiongozi wa huku amekuwa na nguvu mbele ya dola kwa kadiri alivyotumwa na watu wake waliokutana wakakubaliana. Na kila serikali iliyopita njia ya mkato, ikatafuta mtu mmoja au wachache wa kuitikia kwa niaba ya wengi, imelazimika kurudi baadaye kulijibu upya jambo lile lile.

Kabla ya dola, nyanda hizi hazikuwa tupu wala hazikuwa na mfalme. Wadatoga walichunga Ngorongoro mpaka Wamasai walipowasukuma kusini katika karne ya 19. Wahadza waliwinda na kuchimba mizizi kandokando ya Ziwa Eyasi. Wairaqw walilima milima ya Mbulu. Kwa Wairaqw, mambo ya ardhi na mipaka yalikuwa ya wazee, akiwamo kahamusmo aliyesimamia mikutano, huku qwaslarmo akiwa mjuzi wa mvua na tiba aliyeombwa ushauri kwanza. Kwa Wamasai, kila rika lilimteua kiongozi wake, laigwanani, naye laiboni aliheshimiwa kwa uaguzi na baraka. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuwa na mamlaka ya kuigawa nchi peke yake. Nguvu yao ilikuwa ya kuwakutanisha watu na kuubeba uamuzi wao. Mzungu wa kwanza anayejulikana kuingia kreta ya Ngorongoro, Oscar Baumann, alifika Machi 1892, wakati sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe na njaa ikiwaua Wamasai. Mbatiany, laiboni mkuu, alikuwa amekwisha kufa, na wanawe Sendeu na Olonana walikuwa wakigombea urithi. Dola ya kigeni ilizikuta jamii hizi katika saa yao ya udhaifu mkubwa, na ikadhani udhaifu ule ndio utaratibu wao.

Wajerumani walijenga boma Mbulu, wakateua watu wa kupokea amri na kukusanya kodi, na wakamwacha mlowezi Adolf Siedentopf afuge ndani ya kreta yenyewe. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliendeleza kazi hiyo kwa jina la utawala wa kupitia machifu. Michael Ahho akawa chifu wa Wairaqw, cheo ambacho mababu zake hawakukijua kwa sura ile. Machifu wa namna hii walibanwa pande mbili. Wairaqw walikuwa wakiongezeka na kusogea kaskazini kuelekea Karatu, ambako vichaka vya mbung'o vilifyekwa na mashamba yakafunguliwa, huku walowezi, wengi wao Wajerumani, wakilima kahawa Oldeani. Serikali iliwatumia machifu hao hao kuwaagiza watu wapunguze mifugo na wabadili kilimo. Chifu aliyetii amri za boma alipoteza masikio ya watu wake, na aliyewasikiliza watu wake alionekana mkaidi bomani. Tatizo halikuwa tabia ya mtu fulani. Lilikuwa katika cheo chenyewe, kilichomtaka mtu awajibike kwa aliyemteua na papo hapo aheshimiwe na wasiomchagua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Serengeti. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanza kazi mwaka 1951 iliijumuisha Ngorongoro pamoja na Wamasai waliokuwa wakiishi humo. Mgogoro haukukawia: serikali ilipiga marufuku kilimo mwaka 1954, na wapenzi wa wanyama wa Ulaya wakadai watu waondolewe kabisa. Mwaka 1956 Profesa W. H. Pearsall alitumwa kutoka Uingereza kuichunguza hali. Mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walikuja na ndege yao kuhesabu wanyama. Maoni yao yalichapishwa na kusomwa dunia nzima. Upande wa wenyeji, kilichobaki katika kumbukumbu rasmi ni hati ya mwaka 1958 yenye sahihi za wazee 12. Makubaliano yalikuwa mapana: Wamasai waiache Serengeti, na Ngorongoro itengwe iwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Sheria ya mwaka 1959 ikaunda eneo la hifadhi la kilomita za mraba zipatazo 8,300. Agosti mwaka huo huo Gavana Richard Turnbull aliliahidi Baraza la Shirikisho la Wamasai kwamba masilahi ya watu na ya wanyama yakigongana, ya watu yatatangulia.

Tazama sasa jinsi mkataba ule ulivyotendewa. Mamlaka ya kwanza ya Ngorongoro ilikuwa na wajumbe wa Kimasai, lakini haikudumu. Mapema katika miaka ya 1960 madaraka yalikwisha hamia kwa Mhifadhi na wizara yake. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa kwa nguvu. Sheria ya mwaka 1975 ikapiga marufuku kilimo katika eneo lote, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikazuiwa upya mwaka 2009. Hatua hizi za kuwabana zilichukuliwa bila kuwarudia watu ambao ahadi ilitolewa kwao. Mtetezi wa serikali anaweza kusema kwamba wazee walikubali, na saini ni saini. Lakini hoja hiyo inaikata serikali yenyewe: ikiwa saini za 1958 ziliwafunga Wamasai milele, basi ahadi ya 1959 iliifunga serikali vilevile. Wazee 12 waliweza kutia sahihi. Hawakuwa na namna ya kuilazimisha serikali kutimiza sehemu yake, kwa sababu nyuma yao hapakuwa na chombo chenye nguvu ya kisheria ya kuidai.

Mbulu ilionyesha njia nyingine. Mwaka 1960 uongozi wa TANU ulimpitisha Chifu Amri Dodo kuwa mgombea. Herman Elias Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, akasimama kama mgombea binafsi akamshinda. Baada ya ushindi alikaa na wabunge wa chama chake; hakuwa mpinzani wa uhuru wala wa Nyerere. Wapo watakaouona ushindi huu kuwa mvutano wa watu wawili ndani ya chama kimoja. Uzito wake ni zaidi ya hapo. Wapiga kura wa Mbulu, wakati chama kilipokuwa katika kilele cha sifa zake, walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa nchi nzima: kukipenda chama na kukubali kuchaguliwa msemaji. Mfumo wa chama kimoja ulipokuja, uchaguzi wa 1965 uliwapa wananchi wagombea wawili wa TANU katika majimbo mengi, na hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa. Si lazima kudai kwamba Mbulu ndiyo iliyouzaa utaratibu huo ili kuona kwamba swali lililojibiwa ni lile ambalo Mbulu ililiuliza miaka mitano kabla.

Ngorongoro ilimpata msemaji wa aina hiyo kwa Moringe ole Parkipuny. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akauchunguza kwa kina na kuukosoa mradi wa mifugo uliofadhiliwa na Marekani katika Umasaini, kisha akawa mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990. Ndani ya chama kimoja alisimama bungeni kuitetea haki ya wafugaji kubaki katika ardhi yao. Mwaka 1989 alizungumza Geneva mbele ya kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akiwasemea Wamasai na Wahadza pia, na baadaye akaongoza shirika la KIPOC. Alilaumiwa kwa kupeleka ugenini jambo la nyumbani na kwa kuamsha ukabila katika nchi iliyojitahidi kuuzika. Lawama ya ukabila haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa umoja wa Watanzania ulijengwa kwa jasho. Lakini alichodai Parkipuny si upendeleo wa kabila. Alidai kwamba raia wanaoishi kwa mifugo wasihamishwe bila kuulizwa, na haki hiyo inamhusu mkulima wa Karatu sawasawa na mfugaji wa Nayobi. Alipokwenda Geneva alikuwa amekwisha pita kwenye mikutano ya vijiji na ukumbi wa Bunge.

Huenda mtu akapinga kwamba dawa ni kuwa na watoto wa jamii hizi serikalini, na kwamba hilo limekwisha patikana. Kweli, Edward Sokoine wa Monduli alikuwa Waziri Mkuu mara mbili; Solomon ole Saibull alikuwa Mhifadhi wa Ngorongoro na baadaye waziri; William Tate Olenasha, mbunge wa Ngorongoro, alikuwa naibu waziri mpaka alipofariki mwaka 2021. Hawa walilitumikia taifa kwa heshima. Hata hivyo swali la ardhi ya Ngorongoro halikumalizika kwa sababu ya vyeo vyao, na halingeweza kumalizika hivyo. Waziri huapa kuitumikia serikali na hufungwa na uamuzi wa pamoja wa wenzake. Kumtaka awe papo hapo mjumbe wa wafugaji ni kumrudisha katika mbano ule ule wa chifu wa Mbulu.

Karatu inathibitisha jambo hili kwa upande wa kura. Mwaka 1995 Dk. Wilbrod Slaa, aliyekuwa padri na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, hakupitishwa na CCM, akahamia CHADEMA na kushinda ubunge alioushika miaka 15. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Dar es Salaam, alitaja hadharani majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Mwezi Januari uliofuata, baada ya ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje (EPA), Gavana wa Benki Kuu akaondolewa. Mwaka 2010 aligombea urais akapata zaidi ya robo ya kura. Wanaobeza watasema kwamba mwaka 2015 alikiacha chama chake, akawa balozi Sweden, akavuliwa hadhi hiyo mwaka 2023 alipoupinga mkataba wa bandari, na kwamba mtu wa namna hii si kipimo cha chochote. Lakini waangalie walichofanya watu wa Karatu. Slaa alipoacha kugombea ubunge 2010 walimchagua Mchungaji Israel Natse wa CHADEMA, na 2015, Slaa akiwa amekwisha ondoka kabisa, walimchagua Willy Qambalo wa chama hicho hicho. Ingekuwa wanamfuata mtu, wangetawanyika naye. Kiti kilikuwa chao, naye alikikalia kwa ridhaa yao.

Zipo hoja mbili nzito zaidi. Ya kwanza inasema hali imebadilika: mwaka 1959 wakazi wa Ngorongoro walikadiriwa kuwa 8,000, baadaye wakapita 100,000, na ikolojia haiwezi kungoja vikao. Ongezeko hilo ni la kweli na linahitaji maamuzi magumu. Lakini historia haionyeshi kwamba kuvikwepa vikao kumeokoa muda. Mwaka 2013 wizara ilitangaza kuzitwaa kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, wilayani Ngorongoro. Miezi michache baadaye Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalifuta tangazo hilo mbele ya wananchi. Juni 2022 mipaka ya eneo hilo hilo ikawekwa kwa nguvu, askari mmoja akauawa, na madiwani na wenzao wakakaa mahabusu hadi kesi ya mauaji ilipofutwa Novemba. Hiyo si haraka. Hoja ya pili inasema mkutano wa wazee si mkutano wa watu, kwa kuwa wanawake na vijana hukaa pembeni. Hapa mpingaji ana haki, na dosari hii ndiyo iliyowezesha sahihi 12 kuhesabiwa kuwa sauti ya wote. Tiba yake ni kuupanua mkutano. Wanawake wa Loliondo walikwisha anza kuupanua wenyewe waliporudisha kadi za CCM mwaka 2010 wakidai wasikilizwe.

Agosti 2024 swali lilirudi likiwa uchi kabisa. Tangazo la Serikali Na. 673 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro, yaani lilifuta vikao vyenyewe ambamo watu hukutana, huchagua na huamua. Maelfu waliifunga barabara ya watalii kwa siku kadhaa. Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo. Serikali ikatangaza kwamba upigaji kura na huduma vitaendelea. Desemba mosi Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimasai, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya uhamaji wa hiari wa wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, mkoani Tanga. Kukutana nao kulikuwa jambo jema, na tume ni nafasi. Thamani yake itategemea kama mapendekezo yatarudishwa vijijini, yakasomwa kwa lugha inayoeleweka, yakajadiliwa na wanaume, wanawake na vijana, na yakaweza kukataliwa. Makubaliano yakipita hapo yatawafunga wananchi na serikali pia, hata waliotia sahihi wakifa na mawaziri wakibadilika. Yasipopita hapo, yatakuwa sahihi nyingine za wachache, na kizazi kijacho kitakuwa na haki ya kuuliza nani aliwatuma.