Mawe ya kukusanya: juu ya nini usitangaze bei uliyopunguziwa

Wakaaji wengi wa Kolwezi wanajua jiwe kwa kilo na kwa teneur. Lakini kuna watu wanaotafuta jiwe moja moja juu ya uzuri wake: malakite yenye mistari ya kijani, kalsite ya rangi ya waridi ya Mashamba, ao mawe madogo ya Musonoi. Kuna hata madini yenye kubeba jina la mji wetu, kolwezite, iliyoandikwa na wataalamu mwaka 1980. Mawe ya huku yanafika mpaka kwenye masoko ya wakusanyaji ya Tucson, Marekani, na Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa.

Katika biashara hii, muuzaji anampunguzia bei kiliya anayemjua. Ni kama mama wa sokoni anayekuongezea unga kidogo juu ya meka: unashukuru, unaenda. Hupigi kelele ili mstari wote usikie. Lakini kwenye WhatsApp na Facebook tunapiga kelele hiyo: picha ya jiwe, na chini yake "Nimelipata kwa dola 70 tu!"

Bei ile ina sababu zake

Tuchukue mfano. Jiwe linauzwa dola 100. Muuzaji alimlipa mchimbaji 40, na 20 zikaenda kwa usafiri na kusafisha. Wewe umechukua mawe matano mara moja, umelipa cash, hukuomba deni. Anakuachia kila moja kwa 70. Anabaki na 10 kwa jiwe, 50 kwa yote.

Mtu anayesoma ujumbe wako haoni hayo. Anaona 70 tu. Kesho anakuja kuchukua jiwe moja, kwa deni, na yeye anataka 70.

Nani anaumia?

Muuzaji akikubali, faida inakwisha. Akikataa, anaitwa mwizi. Kiliya wa juzi aliyelipa 100 naye anakasirika. Kiisha hasara inashuka: muuzaji aliyebanwa anambana mchimbaji, na ile 40 inakuwa 30. Aliyeingia shimoni ndiye analipa maneno ambayo hakuandika.

Wewe pia unapoteza. Safari ijayo muuzaji atakuogopa. Na siku utataka kuuza jiwe lako, mnunuzi atakukumbusha 70 yako.

Si kila bei ni siri

Hapa tusichanganye mambo. Kwenye depo za Musompo, bei ya shaba na kobalti kulingana na teneur inapaswa kuonekana na watu wote. Wachimbaji wamelalamika miaka mingi juu ya mizani na mashine za kupima za wanunuzi. Asiyejua bei anaibiwa kwa urahisi. Bei ile ni ya wote, itangazwe. Punguzo la jiwe la kukusanya ni mapatano ya watu wawili.

Vilevile, ukiuziwa plastiki kwa jina la malakite, usinyamaze. Huo ni udanganyifu, na wengine wanapaswa kujua. Kutunza siri ya punguzo si kufunika wizi.

Ufanye nini?

• Weka picha, jina la jiwe na fasi lilipotoka. Hiyo inamsaidia hata muuzaji.
• Wakikuuliza bei, jibu: "Muone muuzaji mwenyewe, mtapatana."
• Kama unataka kumwambia rafiki bei yako, muulize kwanza muuzaji.
• Kama muuzaji mwenyewe ametangaza kushusha bei kwa wote, sambaza bila wasiwasi.
• Usionyeshe bei pamoja na nyumba yako. Wezi nao wanasoma.

Ukitaka kumshukuru muuzaji, sema mawe yake ni ya kweli na anatimiza neno lake. Kiliya wapya watakuja kwa sababu hiyo, na kila mmoja atapatana bei yake.